Kihisi Chako Hakijui Udongo Wako

Tuanze na namba: 60%. Umedunga kihisi cha unyevu kwenye shamba la nyanya, umeunganisha waya, app imefunguka, na hapo juu kuna duara la bluu limeandikwa 60%. Inakaa poa. Inakaa sayansi. Swali langu ni moja tu: 60% ya nini?

Ukimuuliza aliyekuuzia, atakuambia ni 60% ya maji. Sasa sikiza. Udongo mwingi, hata ukiumwagia maji mpaka kila kanafasi kajae, maji hayazidi sana nusu ya ujazo wake. Kama 60% hiyo ingekuwa ya ukweli, nyanya zako zingekuwa zinaogelea. Lakini wewe umesimama hapo na vumbi kwenye viatu. Kuna mtu anakudanganya, na si nyanya.

Vijana wengi siku hizi tunaingia kilimo kupitia simu. Ni greenhouse, ni mabomba ya matone, ni mradi wa hackathon wa kumwagilia shamba ukiwa umekaa mtaani. Mimi naunga mkono hiyo story kabisa. Lakini hiyo namba kwenye simu ina historia ya zaidi ya miaka 120, na kila kizazi kinarudia somo lile lile. Hakuna kifaa cha haraka kinachoona maji moja kwa moja. Kila kimoja kinapima kitu kingine, halafu kinakisia maji. Na kila mara makisio yalipoharibika, dawa ilikuwa ni kurudi kwenye udongo wa pale pale, mizani na oveni. Tukiruka hiyo hatua, tunalipia makosa ambayo wengine walishafanya na kuyaandika.

Mzee wa kazi ni oveni

Kabla ya vihisi kulikuwa na njia moja ya kuaminika, na bado ipo. Chukua udongo, uupime uzito. Utie kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Upime tena. Uzito uliopotea ndio maji yaliyokuwemo. Basi. Hakuna chip, hakuna Wi-Fi. Mpaka leo, maabara ikitaka kujua kama kifaa kinasema ukweli, inakilinganisha na huyu mzee.

Shida ya mzee ni mwendo. Jibu linakuja kesho, na mkulima anataka kujua leo kabla jua lipande. Pia ukishachimbua ule udongo, umeshauondoa, huwezi kupima tena donge lile lile wiki ijayo. Na kama shamba ni kubwa, utachimba mpaka mgongo uitane. Kwa hivyo tangu zamani watu wametafuta njia ya mkato: kitu cha kuzika ardhini mara moja, kisha kinakupa jibu kila siku.

1897: Umeme unaingia, chumvi inaharibu

Mwaka wa 1897, katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, mkuu wa kitengo cha udongo Milton Whitney na wenzake, mmoja wao mwanafizikia kijana aliyeitwa Lyman Briggs, walitoa njia ya kupima unyevu kwa umeme. Wazo lilikuwa tamu. Udongo mkavu unazuia umeme, udongo wenye maji unaupitisha. Zika elektrodi mbili, pima ukinzani, umemaliza.

Kumbe hapana. Maji masafi karibu hayapitishi umeme. Kinachoubeba umeme ndani ya udongo ni chumvi zilizoyeyuka kwenye yale maji. Mashamba mawili yenye maji sawa yatakupa namba tofauti kama moja lina chumvi nyingi. Joto nalo linaingilia, kwa sababu ukinzani unabadilika nyuzi zikipanda na kushuka, hata kama hakuna tone lililoongezwa. Kwa hivyo kifaa kilisoma mambo matatu kwa pamoja, yaani maji, chumvi na joto, na kikakupa namba moja bila kukuambia kila moja imechangia kiasi gani.

Njia ile haikutupwa, ilibadilishiwa kazi. Ilikuja kutumika kutafuta ardhi yenye chumvi nyingi, hasa magharibi mwa Marekani. Kifaa kilichofeli kupima maji kikafaulu kupima kile kilichokifelisha. Naye Briggs, katika miaka ya 1930, akawa mkuu wa National Bureau of Standards, ofisi ya vipimo vya Marekani yote. Mtu aliyeanza na kipimo kilichomchezea akaishia kusimamia vipimo vya nchi nzima.

Sasa angalia kile kihisi cha bei ya chini kabisa, chenye miguu miwili kama uma, ambacho kila mwanafunzi wa elektroniki amekishika. Hilo ni wazo la 1897 limevaa nguo mpya. Kinapitisha umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Weka mbolea ya CAN leo, kesho namba inapanda kana kwamba mvua imenyesha. Halafu ukikiacha na umeme saa zote, ile shaba ya miguuni inaliwa pole pole, na kila wiki kifaa kinakuwa kifaa kingine. Miaka yote hiyo imepita na tunauziwa kosa lile lile likiwa na taa ya LED juu yake.

Swali lenyewe lilikuwa limeulizwa vibaya

Mwaka wa 1907, mwanafizikia Edgar Buckingham alichapisha kazi iliyogeuza mazungumzo. Badala ya kuuliza maji ni kiasi gani, yeye aliangalia udongo umeyashikilia kwa nguvu gani. Hilo ndilo mmea unajali. Mchanga wenye maji 20% unampa mmea kinywaji bila shida. Mfinyanzi mzito wenye 20% ile ile unaweza kuwa umeyabana maji mpaka mmea unanyauka na maji yako pale pale. Ni kama kuwa na doo kwenye akaunti iliyofungwa. Salio liko, kutoa huwezi.

Kutokana na mawazo kama hayo, watafiti wakiwemo Willard Gardner na L. A. Richards walikuza tensiometa. Ni bomba lililojaa maji, chini lina kikombe cha kauri chenye vitundu vidogo sana, juu lina geji. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia kile kikombe, na geji inasoma ule mvuto. Chumvi ya kawaida haiisumbui, na huhitaji kujua kama udongo ni wa Kiambu au wa Kitui ili usome mvuto.

Lakini nayo ina mwisho wake. Ikifika kama kilopaskali 80 hivi, hewa inaingia ndani na kipimo kinakatika. Mimea mingi inaendelea kuvuta maji mpaka karibu kilopaskali 1,500. Kwa hivyo tensiometa ni rafiki wa mboga zinazomwagiliwa kila mara. Kwa mtama wa Kitui unaopambana na kiangazi, itazima mapema sana.

1940: Jasi, na safari ya kufika Ruiru

George Bouyoucos, Mgiriki aliyehamia Marekani na kufanya kazi Michigan, alirudi kwenye wazo la umeme akiwa na ujanja. Mwaka wa 1940, pamoja na A. H. Mick, aliweka elektrodi ndani ya kipande cha jasi, ile jipsamu tunayoijua kwenye dari za nyumba. Jasi inayeyuka kidogo kidogo, kwa hivyo maji yaliyo ndani yake tayari yana chumvi ya kutosha na ya kiwango kile kile. Chumvi ya udongo ikiongezeka kidogo, haibadilishi sana hesabu. Yaani jamaa alishindwa kuifukuza chumvi, akaamua kuiweka yeye mwenyewe kwa kipimo anachokijua. Mimi napenda sana akili ya aina hiyo.

Na hapa ndipo historia inapiga hodi kwetu. Baada ya vita vya pili vya dunia, mwanasayansi Mwingereza Charles Pereira alikuja Kenya na kufanya kazi ya utafiti wa kahawa huko Ruiru. Ukitoka Nairobi ukielekea Thika unaujua ule udongo mwekundu. Unashuka chini sana, na mizizi ya kahawa inashuka nao mita kadhaa. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku mti bado unakunywa huko chini. Ukipima sentimita 15 za juu pekee, utaapa shamba limekufa.

Mwaka wa 1951 Pereira alichapisha makala kwenye jarida la Journal of Soil Science kuhusu kipande cha jasi cha umbo la silinda, kwa ajili ya udongo wa kina kirefu. Ona hapo. Kipande kilishavumbuliwa Michigan, lakini kilipofika kwenye udongo wetu kilibadilishwa umbo. Faida ya silinda unaiona mara moja: shimo linalotobolewa na keekee ni la duara, na kitu cha duara kinakaa humo vizuri bila kuacha nafasi kubwa ya hewa. Hewa ikibaki kati ya kifaa na udongo, unapima hewa.

Pia niseme hili. Jina kwenye makala ni la Pereira, na kazi ilifanyika chini ya serikali ya kikoloni kwa zao ambalo Waafrika walizuiwa kulima kwa uhuru kwa miaka mingi. Lakini shimo la mita kadhaa halijichimbi. Tukisoma historia ya sayansi ya nchi hii, tukumbuke kuna mikono mingi ambayo haikuandikwa juu ya karatasi.

Pereira baadaye alihamia Muguga, kwenye shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO. Huko likaja swali zito. Wenye mipango walitaka kukata msitu wa asili Kericho wapande chai, na kukata mianzi Kimakia, kwenye Aberdare, wapande misonobari. Je, mito itakauka? Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 wakaweka mabonde mazima chini ya vipimo, moja likibadilishwa, jingine likiachwa na msitu wake kwa kulinganisha.

Hesabu yake inaeleweka hata na mtu wa kidato cha kwanza. Mvua iliyoingia, toa maji yaliyotoka mtoni, toa mabadiliko ya maji yaliyohifadhiwa ardhini. Kinachobaki ndicho mimea ilichokunywa. Sasa kama kipimo cha udongo kina makosa, jibu lote lina makosa, na mtu anakata msitu kwa sababu ya namba mbovu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa pamoja mwaka wa 1962, na mengine mwaka wa 1979. Kwa ufupi, chai na misonobari ikishakua na kufunika ardhi vizuri, matumizi yake ya maji hayakuzidi yale ya mimea ya asili. Hilo ni jibu la mabonde yale, yenye mvua nyingi na usimamizi mzuri. Halimpi mtu ruhusa ya kukata msitu wowote anaotaka. Lakini angalau lilikuwa jibu lililopimwa, na lilichukua miaka.

Miaka ya nyuklia

Miaka ya 1950 ilileta kifaa ambacho leo kingetisha jirani zako: probu ya nyutroni. Unashusha chanzo cha mionzi kwenye bomba ardhini. Nyutroni zinazotoka na kasi zinagonga haidrojeni na kupunguza mwendo, na kifaa kinahesabu zile za polepole. Haidrojeni nyingi ya udongo iko kwenye maji, kwa hivyo ukihesabu vizuri unapata maji. Don Kirkham na Wilford Gardner walikuwa kati ya walioiweka njia hii kwenye msingi imara mwaka wa 1952.

Ilikuwa nzuri kweli. Inasoma udongo mwingi kwa mara moja na inashuka mita kadhaa. Taasisi ya Haidrolojia ya Wallingford, Uingereza, ambayo ilitengeneza probu yake yenyewe, iliongozwa na Jim McCulloch, mtu aliyewahi kufanya kazi hapa Muguga. Dunia ndogo.

Lakini probu nayo haihesabu maji. Inahesabu haidrojeni. Mboji ina haidrojeni. Mfinyanzi una haidrojeni ndani ya madini yake. Kwa hivyo kila mahali palihitaji mstari wake wa kalibresheni, yaani kukifundisha kifaa udongo wa pale kwa kulinganisha namba zake na za oveni. Na kwa sababu ya mionzi, unahitaji leseni, mafunzo na mtu wa kukilinda. Hii huwezi kuweka kwenye begi ukapanda matatu.

1980: Mlinganyo uliobeba dunia

Kisha wakaja Wakanada watatu, Clarke Topp, J. L. Davis na A. P. Annan. Walitumia tabia moja ya maji iliyo ya ajabu. Kila kitu kina namba inayoonyesha kinavyoitikia uga wa umeme. Hewa ni 1. Madini ya udongo ni kama 3 hadi 5. Maji ni karibu 80. Kwa hivyo tone dogo la maji linapiga kelele kuliko udongo wote uliolizunguka.

Waliituma ishara ya umeme ndani ya udongo na kupima inachukua muda gani kwenda na kurudi. Maji yakiwa mengi, ishara inachelewa. Kwa kazi hii watafiti walikuwa wakitumia mashine za Tektronix zilizotengenezwa kutafuta kebo zilizokatika. Fundi wa kebo na mwanasayansi wa udongo, kifaa kimoja. Mwaka wa 1980 walichapisha mlinganyo mmoja ambao, kwenye udongo wa kawaida waliojaribu, ulikuwa na makosa ya karibu asilimia 1.3 pekee ya ujazo. Bila kufundisha kifaa upya kila shamba! Watu walishangilia, na walikuwa na haki.

Ila mlinganyo huo ulitoka kwenye udongo fulani. Ukiupeleka kwenye udongo wenye mboji nyingi, wenye mfinyanzi mzito, au wa majivu ya volkano, unaanza kupotoka. Sasa niambie, Kenya tuna nini? Mwea na nyanda za Athi ni black cotton. Miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare ina udongo wa volkano. Yaani maeneo yetu mengi ya kilimo yamekaa pale pale ambapo mlinganyo wa dunia unahitaji kuangaliwa mara mbili.

Chip ya bei nafuu, na kurudi kwa 1897

Mashine za 1980 zilikuwa ghali, kwa hivyo vikaja vihisi vya kapasita. Vinatumia ile namba 80 ya maji, lakini kwa saketi rahisi. Hivi ndivyo vimejaa kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na mitandaoni. Ni hatua kubwa kuliko vile vya miguu miwili, kwa sababu chuma hakigusani na udongo, hakiliwi na kutu haraka.

Shida iko kwenye frikwensi. Vihisi vizuri vya maabara vinafanya kazi kwa makumi au mamia ya megahezi. Vile vya bei ya chini vinafanya kazi chini sana ya hapo, na ukishuka, chumvi na mfinyanzi vinaanza tena kuchangia namba. Chumvi ile ile ya Whitney na Briggs imerudi kupitia mlango wa nyuma. Kwenye black cotton kifaa kinaweza kusoma maji mengi kuliko yaliyopo. Halafu udongo huo huo ukikauka unapasuka nyufa, hewa inakaa kando ya kihisi, na sasa kinasoma machache kuliko yaliyopo. Kifaa kimoja, shamba moja, makosa mawili yanayoelekea pande tofauti. Hapo hakuna namba ya kiwandani inayoweza kukuokoa.

Na ile kalibresheni ya kwenye video? Unaijua. Shika kihisi hewani, andika 0%. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, andika 100%. Halafu app inagawa katikati. Wasee, hewa si udongo mkavu, na glasi ya maji si udongo uliolowa. Umekifundisha kifaa vitu viwili ambavyo hakitawahi kukutana navyo shambani. Ile 60% ya mwanzo imezaliwa hapo.

Hata setilaiti zinarudi kwenye mkebe

Kama unadhani jibu liko angani, ngoja. Shirika la anga la Ulaya lilirusha SMOS mwaka wa 2009, na NASA ikarusha SMAP Januari 2015. Rada ya SMAP iliharibika Julai mwaka huo huo, na kile kipimo kingine kikaendelea na kazi. Ni vyombo vya ajabu, lakini SMAP inasoma karibu sentimita 5 za juu, na msingi wa kipimo chake ni kipande cha ardhi cha kama kilomita 36, karibu umbali wa Nairobi hadi Thika. Kwa ukame wa nchi nzima, safi. Kwa nusu eka yako, sahau.

Lakini kilichonifurahisha ni jinsi walivyojiandaa. Mwaka wa 2012, kabla ya kurusha, walifanya zoezi kubwa huko Manitoba, Kanada. Ndege ilipita juu ikiwa na vipimo, na chini watu walitembea mashambani wakikusanya udongo, wakaupima, wakaukausha. Mradi wa setilaiti ya kuzunguka dunia, na bado ukweli ulitafutwa kwenye mikebe ya udongo. Kama NASA haijaona aibu kushika mkebe, wewe na mimi ni nani?

Sasa tufanye nini

Kazi yenyewe si ngumu, inataka wikendi chache na subira. Tafuta mkebe wa bati ambao unajua ujazo wake, tuseme mililita 100. Udidimize kwenye udongo karibu na kihisi chako bila kuukandamiza, utoe, ukate ziada. Wakati huo huo andika namba ghafi ya kihisi, ile ya kabla app haijaifanya kuwa asilimia. Pima uzito wa udongo, ukaushe nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, upime tena.

Tuseme ulikuwa gramu 150, sasa ni 120. Maji ni gramu 30. Hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Ukigawa 30 kwa udongo mkavu 120, unapata 25%. Hiyo ni asilimia ya uzito. Ukigawa 30 kwa ujazo wa 100, unapata 30%. Hiyo ni asilimia ya ujazo. Udongo mmoja, maji yale yale, namba mbili, zote za kweli. Kifaa kisichokuambia kinatoa ipi hakijakuambia kitu.

Rudia hivyo mara tano au sita, kuanzia siku ya baada ya mvua kubwa mpaka udongo ukauke kabisa. Chora grafu, namba ya kihisi upande mmoja, ya oveni upande wa pili. Mstari unaopita hapo ndio kalibresheni yako. Ukihamia udongo mwingine, chora mwingine. Soma kihisi saa zile zile kila siku, asubuhi ni bora, ili joto lisikuchezee. Kidunge kikaze bila kukitikisa. Weka zaidi ya kimoja, kwa sababu udongo hubadilika ndani ya hatua tano. Na kiweke penye mizizi, kama Ruiru ilivyotufundisha.

Hii inabadilisha nini? Inabadilisha pesa na maji. Ukimwagilia kupita kiasi, mbolea inashuka chini ya mizizi na umeinunulia mtu mwingine. Ukimwagilia kwa kuruka ruka, nyanya zinaoza kitako na sokoni hakuna anayezitaka. Kama unanunua maji ya bowser Kajiado, kila asilimia ya uongo unailipia kwa noti.

Ninachodai ni kidogo. Anayeuza kihisi aseme kilijaribiwa kwenye udongo gani, na aeleze asilimia yake ni ya uzito au ya ujazo. Vyuo vyetu vina maabara na oveni, basi watafiti na wanafunzi wachapishe mistari ya kalibresheni ya udongo wa Kiambu, wa Mwea, wa Kitui, mtu yeyote aipakue bure. Na ninyi mnaojenga app za kilimo, kabla ya kupamba lile duara la bluu, nendeni mkachafue mikono. Mizani ya duka hapa Kenya haikubaliki bila muhuri wa serikali, kwa sababu tuligundua zamani kwamba kipimo kibovu ni wizi wa pole pole. Kipimo cha maji kwenye nchi inayokaukiwa kinastahili heshima hiyo hiyo.

Kama uko na kihisi nyumbani, wikendi hii kausha mkebe mmoja tu wa udongo. Halafu njoo uniambie app yako ilisema ngapi na oveni ilisema ngapi, na ni udongo wa wapi. Nitazikusanya zote. Pengine tutaanzia hapo.